Sikiliza Gitaa

2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mwandiko huu huujui, kwa hiyo nijitambulishe kwa jina la utani ulilonipa mwenyewe: mimi ndiye Kidole, yule mtoto wa dada yako aliyekuwa akibonyeza kila kitufe kwenye mitambo yako ya studio. Sasa nina miaka ishirini na sita. Nafanya kazi maabara ya idara ya maji. Naletewa chupa, napima uchafu usioonekana kwa macho, naandika namba.

Baba alifariki mwezi wa kwanza. Najua hukuambiwa. Anwani yako nimeipata kwa shangazi, naye amenipa kwa shingo upande. Amesema simu nisijisumbue, kwamba miaka yote ya spika za masikioni imekuachia mluzi tu. Nimesikitika kusikia hivyo, kwa sababu swali langu ni la masikio.

Kwenye kabati la Baba nimekuta santuri arobaini na moja na ile mashine ya kuzipigia. Unamkumbuka alivyokuwa: siku sita anasaga vioo vya miwani, ya saba anafunga pazia na kupiga santuri. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Sasa hakuna wa kunikataza, na nimegundua kwamba hilo ndilo linalonishinda. Nafungua kabati, nalifunga. Nazunguka meza. Jana nilithubutu kuweka moja, ikatoa mlio kama wa kijiko kwenye sufuria, nikaruka kuizima kana kwamba nimemkanyaga mtu.

Naomba unifundishe kuanza. Na nikishaanza, nitajuaje kwamba ninachosikia ndicho kilichorekodiwa siku ile, si vumbi, si sindano, si mimi mwenyewe?

Samahani kwa ufupi. Shangazi yuko mlangoni. Kengele yetu ilikufa wakati wa msiba, na yeye anagonga kama askari.

Mpwa wako,
Kidole

*

9 Machi

Kidole!

Marahaba. Marahaba mara kumi na tisa, moja kwa kila mwaka uliokaa kimya. Mama mkwe wa jirani yangu alinikuta barazani nimeshika barua yako akauliza kama nimepata mchumba. Nimemwambia ndiyo, ila ananiita mjomba.

Pole kwa baba yako. Tuliacha kusalimiana mimi na yeye, lakini alikuwa fundi wa kweli, na fundi akifa mafundi wenzake huwa tunavua kofia hata kama hatukuwa tunapatana.

Haya, kazi. Wewe ni mtu wa maji, basi tuanze na maji. Weka glasi iliyojaa juu ya mashine. Maji yakiegemea upande, meza yako imepinda. Tia karatasi chini ya mguu mpaka yatulie. Halafu sindano. Ile ya zamani itupe bila hata kuiaga, ndiyo iliyopiga kelele. Mpya mbili nimezitia kwenye kiberiti ndani ya bahasha hii. Ule mkono unaobeba sindano una kichuma kizito nyuma yake. Kizungushe mpaka mkono uelee sawasawa, usipande wala kushuka, ndipo uongeze gramu mbili. Ukizidisha, sindano inachimba kama jembe. Ukipunguza, inarukaruka na kuchana.

Sahani, ndivyo sisi wa studio tuitavyo santuri, zishike kwa kingo, kama unavyomshika mtoto aliyejipaka uji. Zioshe kwa maji ya maabara yako na tone moja la sabuni, ukifuata mifereji ilivyozunguka, usikate kati. Karatasi ya katikati isilowe.

Sasa masikio. Kabla wimbo haujaanza kuna sekunde mbili tatu za mfereji mtupu. Watu hupiga soga hapo. Wewe nyamaza, hapo ndipo sahani inakuambia afya yake. Mlio wa pa, pa, ni vumbi, utaondoka ukiosha. Mchemko kama wa mafuta kikaangoni ni uzee, hauondoki, uzoee. Herufi S zikitema mate, sindano imechoka au imekaa vibaya. Na sauti ikiyumba kama mtu atokaye kilabuni, niandikie. Hiyo ina sababu nyingi.

Jambo la mwisho. Usianze na sahani unayoipenda. Anza na ile usiyoistahimili, uipige mpaka uijue kama kiatu chako, ndipo utajua mashine inasema nini na sahani inasema nini. Najua humo kabatini iko ndogo moja yenye karatasi ya kijani katikati. Hiyo iache. Masikio yako yajifunze kazi kwanza.

Mjomba wako,
Mitambo

*

17 Machi

Mjomba,

Nimefanya yote. Meza ilikuwa imeinama upande wa dirishani, karatasi nne. Nimechagua sahani ya bendi ya matarumbeta ambayo naichukia kutoka moyoni, nimeipiga siku sita mfululizo nikitoka kazini. Siku ya kwanza nilisikia kelele tu. Siku ya nne nilisikia kwamba mmoja wa wapiga tarumbeta huvuta pumzi kwa pua. Sasa siwezi kuacha kumsikia, na karibu nampenda. Nimehamisha spika mara tano. Shangazi anasema nyumba yetu imekuwa kama inahama bila kwenda popote.

Ile ya kijani nimeipiga, Mjomba. Nisamehe. Sikuweza kungoja, na nitakuambia kwa nini.

Siku tano baada ya msiba nilipata barua. Imeandikwa na Mama. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nikujue kwanza. Ni fupi, nimeshaikariri: "Nimesikia kuhusu baba yako. Jumamosi ya tarehe thelathini mwezi wa tatu nitakuwa na safari ya kupita huko. Ukitaka nije, niandikie. Nikikosa jibu kufikia tarehe ishirini na nane, nitaelewa, na sitakusumbua tena." Hakuna pole wala samahani. Chini yake ipo anwani, ya mji huohuo unaoishi wewe. Shangazi anasema nisijibu, kwamba mwanamke aliyemwacha mtoto wa miaka saba akiwa na homa hana safari ya kupita popote.

Mimi nina jambo moja tu upande wake, nalo limo ndani ya sahani ile. Nilipokuwa na miaka minane Baba aliniita alasiri moja, mapazia yamefungwa, akanikalisha kwenye kigoda karibu na spika. Akasema, "Huu ndio wimbo mama yako aliourekodi wiki ile aliyoondoka. Sikiliza hapa. Na hapa. Unasikia sauti inavyotetemeka? Analia. Hakutaka kwenda." Baada ya hapo kila Jumapili niliruhusiwa kukaa nje ya mlango. Nimekulia nje ya mlango ule, Mjomba. Shuleni waliponicheka kwamba nimeachwa, nilijiambia: alilia, nimemsikia.

Sasa nimeipiga mwenyewe, na sindano mpya, na meza iliyonyooka. Bado anatetemeka. Hata zaidi ya nilivyokumbuka. Inapanda, inashuka, inapanda.

Wewe ulikuwa kwenye chumba kile ukirekodi. Niambie tu: alikuwa analia? Kama alilia, nitamwandikia aje. Kama hakulia, sina cha kumwambia.

Mpwa wako,
Kidole

*

20 Machi

Kidole,

Barua yako nimeipata. Hongera kwa yule mpiga tarumbeta. Nilimjua, alivunjwa pua akicheza mpira.

Kuhusu kuyumba. Angalia mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Ukikaa kabatini muda mrefu unalegea na kupata vigongo. Nakutumia mpya, utie unga kidogo ili usiteleze. Angalia pia kama mashine iko kwenye mwendo wa arobaini na tano. Sahani ndogo huzunguka mara arobaini na tano kwa dakika, kubwa thelathini na tatu. Futa na ule mhimili wa katikati, kile chuma sahani inapovikwa.

Mvua huku zimeanza. Goti langu linajua kabla ya redio.

Ukishabadilisha mkanda, ipige tena ile ya kijani. Lakini safari hii usimsikilize yeye. Sikiliza gitaa.

Mjomba

*

22 Machi

Mjomba,

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Nimekasirika, nimezunguka mtaa mzima mara mbili kwa miguu, nimerudi na hasira yangu ikiwa bado nzima. Mtu anauliza kama mama yake alilia, anajibiwa habari za goti.

Kisha nikakaa nikafanya ulivyosema, kwa sababu sijui kufanya kingine.

Mkanda mpya haukubadilisha kitu. Matarumbeta yamenyooka kama rula. Nikaweka ya kijani. Nimeusikia wimbo huu miaka kumi na minane na sijawahi hata mara moja kulisikiliza gitaa. Lilikuwa nyuma yake tu, kama ukuta. Nikaziba masikio ya moyo, nikalifuata gitaa peke yake.

Gitaa nalo linatetemeka.

Linapanda naye, linashuka naye, palepale. Nikarudia. Hata ile sauti moja ndefu ya mwisho, Mama akiwa ameshanyamaza, inayumba peke yake. Nani alikuwa analia hapo, Mjomba?

Nikachukua saa ya kazini, ya kuhesabia sekunde. Nimehesabu kama ninavyohesabu kila siku, bila kujali namba itakuwa nzuri au mbaya. Mara arobaini na tano kwa dakika. Nimerudia mara tatu. Hakuna binadamu anayelia arobaini na tano kwa dakika, bila kupungua, bila kuzidi, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kila sahani inapomaliza mzunguko, yeye anatetemeka mara moja.

Asubuhi niliibeba nikaenda nayo kazini, nimeifunga kwenye kanga kama mgonjwa. Nikaiweka chini ya lenzi. Tundu la katikati si la duara. Limerefushwa upande mmoja, kiasi cha ukucha. Kwa hiyo sahani inakaa kombo, na sindano inavutwa huku na huku. Nilidhani ni kosa la kiwandani mpaka nilipoona alama. Ni mistari midogo, imelala sambamba, mizuri sana. Naijua mistari ile. Nimekaa utotoni kwenye karakana ya miwani nikifuta vumbi la vioo; nimeona kingo elfu za lenzi zilizopitishwa tupa ile ndogo ya kulainishia, kwa mkono uleule uliokuwa haukimbii.

Mjomba, ile ni tupa ya Baba.

Kama nimekosea niambie nimekosea. Nakuomba. Zimebaki siku sita.

Kidole

*

25 Machi

Mpwa wangu,

Hujakosea.

Barua yangu iliyopita ilikuwa ya mwoga. Uliponiambia inatetemeka, nilijua kuna kitu, maana sahani ile niliikagua mwenyewe kabla ya kumkabidhi baba yako, na wakati huo masikio yangu yalikuwa masikio. Ilikuwa imenyooka. Lakini habari za tupa sikuzijua mpaka uliponiandikia juzi. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Uliuliza, nakujibu. Hakulia. Aliimba mara moja tu, hakuna aliyeomba kurudia. Mpiga gitaa alikuwa na mkono wa jiwe, hautikisiki. Mama yako alipomaliza alivua spika za masikioni akauliza, "Chai iko wapi?" Hivyo tu. Ningeweza kukuandikia kwamba macho yalikuwa mekundu. Nimefikiria kukuandikia hivyo, siku mbili nzima. Lakini uliniuliza utajuaje kilichorekodiwa ni kipi, nami nimekaa kwenye kazi hiyo miaka arobaini.

Kuhusu kuondoka. Bendi ilimtaka kwa msimu mmoja wa miezi minane. Baba yako alisema achague. Mama yako alitaka akuchukue, upande wa baba yako wakakataa, akasema atarudi msimu ukiisha. Aliporudi mlango haukufunguliwa. Alirudi mara ngapi, muulize yeye, si mimi. Shangazi yako haongopi kuhusu homa. Ulikuwa na homa, naye alikwenda. Sitaifuta hiyo.

Miezi michache baada ya hapo baba yako alikuja studio. Nilifurahi, nikadhani kaja tupatane. Akaniuliza kama ipo kanda nyingine ya wimbo ule, ambayo dada yangu alishindwa kuimba vizuri kwa sababu ya machozi. Nikamwambia haipo. Akasema, "Hukusikiliza vizuri." Nikamcheka, Kidole. Nilikuwa na kiburi, nilimcheka mtu aliyekuja kuniomba machozi ya mkewe. Alichukua kofia yake akaondoka, na ndiyo mara ya mwisho tuliyozungumza. Nadhani alikwenda nyumbani akayatafuta kwa tupa. Kwa ajili yako au kwa ajili yake, sijui. Pengine ulipokuwa umekaa kwenye kigoda kile alikuwa keshaanza kuamini.

Sasa sikiliza, kuna dawa. Tundu likirefushwa, ule upande wa asili bado upo. Vika sahani kwenye mhimili, iwashe, shusha sindano, na usiangalie sahani, angalia mkono. Utauona unacheza kushoto na kulia kama mtu akataaye. Inua sindano, isukume sahani kidogo kwa kidole, kiasi cha unywele, shusha tena. Mkono ukiacha kucheza, umefika. Mimi siku hizi nasikia kwa macho, ndiyo njia yangu pekee.

Bahati yako unalo jina la kazi hiyo.

Mama yako anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu. Anashona sare za shule. Haimbi. Sijamwambia tunaandikiana, ingawa juzi alinikuta nikinunua mkanda wa mashine, akaniangalia muda mrefu, akaniuliza kama mvua itakatika leo.

Mjomba wako

*

27 Machi

Mama,

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ikufikie kabla ya kesho. Nimeiandika mara nne. Hii ya nne ndiyo fupi.

Naanza na lililo gumu. Nilikuwa nimejiandaa kukusamehe kwa sababu ulilia ukiimba ule wimbo. Msamaha huo nilikuwa nao tayari tangu nina miaka minane, nimeutunza, niliubeba shuleni na kazini. Wiki hii nimejua kwamba hukulia. Msamaha ule sina tena. Nimekaa na mikono mitupu, na sijui nikukasirikie wewe, au Baba, au mjomba, au gitaa.

Mjomba amenifundisha kuisogeza sahani kwa kidole. Jana alasiri nilifungua mapazia yote, nikawasha, nikaangalia mkono unavyocheza. Nilisukuma, nikazidisha, nikarudisha. Mara ya saba au ya nane mkono ukatulia. Nikakaa sakafuni.

Mama, una sauti iliyonyooka. Sikuwa naijua. Mtu niliyemsikia jana sikuwahi kumsikia. Kabla ya kila mstari unavuta pumzi, ndogo, ya haraka, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Kwenye ubeti wa pili karibu unacheka, sijui kwa nini, nataka kukuuliza. Ulipomaliza nilikuwa nimekunja ngumi. Nilikuchukia kwa dakika nzima, nikarudia sahani tangu mwanzo.

Kisha nikaisogeza tena upande ule alioukata Baba, kwa makusudi, nikasikiliza. Ikaanza kutetemeka. Miaka yote nilikuwa sahihi kwamba kuna mtu analia mle ndani. Nilikosea kuhusu nani.

Sitalirekebisha lile tundu. Lina nafasi yenu wote wawili, na kidole changu kinatosha.

Njoo Jumamosi. Sisemi nimekusamehe. Shangazi atakuwepo, na atakuuliza habari za homa, nami pia nitakuuliza. Usije na wimbo, wala usije na machozi kwa sababu umesikia kwamba nilikuwa nayahitaji. Njoo na ile sauti iliyouliza chai iko wapi.

Kengele ya mlango haifanyi kazi, na sitaki ugonge. Nyumba hii imeshagongwa vya kutosha. Simama pale chini ya dirisha uniite.

Nitakusikia.

Mwanao